Kitanda Wasichokilalia: Nani Huchagua Ndege na Magari ya Kulinda Kaskazini Mashariki?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanafunzi wetu huifunzwa methali hii tangu shule ya msingi, na aghalabu hufafanuliwa kwa mifano ya nyumbani: mgeni asiyejua taabu za mwenyeji wake, au mwenye shibe asiyemjua mwenye njaa. Leo nawaomba wasomaji, hasa walimu na wanafunzi, tuichukue methali hiyo na kuipeleka mbali kidogo, hadi kwenye afisi za Nairobi ambamo huamuliwa ni ndege zipi na magari yapi yatanunuliwa ili kumlinda mwananchi wa Garissa, Wajir na Mandera. Wanaoketi mezani kuchagua si wao wanaopanda magari hayo alfajiri kutoka Dadaab kuelekea Liboi. Wala si wao wanaongoja chini ya kitanda cha bweni, wakisikiliza kama kuna mngurumo wa helikopta angani.

Tuanze na siku ambayo hakuna mwalimu nchini anayeweza kuisahau. Tarehe 2 Aprili, 2015, kabla ya jua kuchomoza, watu wanne wenye bunduki waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki. Hadi jioni watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wanajeshi walio na kambi mjini Garissa walifika asubuhi na kulizingira eneo hilo. Lakini kikosi kilichofunzwa kwa kazi ya namna ile, yaani Recce cha GSU, kilikuwa upande wa Nairobi, na kati ya Nairobi na Garissa kuna kilomita zipatazo 370. Kikosi hicho kiliwasili mchana, baada ya saa nyingi kupita. Kilipoingia mabwenini, kazi ilikwisha kwa muda mfupi. Magazeti ya wakati huo yaliripoti kwamba ndege ya polisi iliyotarajiwa kuwabeba askari hao ilikuwa Mombasa asubuhi hiyo, kwa safari isiyohusiana kamwe na dharura ile.

Siku chache baadaye, ndege za kivita za Kenya ziliruka na kushambulia kambi za Al-Shabaab mahali panapoitwa Gondodowe na Ismail, nchini Somalia. Hebu mwanafunzi wa historia ayaweke mambo haya mawili bega kwa bega. Nchi ilikuwa na ndege za kuvuka mpaka na kuangusha mabomu, lakini siku ya msiba haikuwa na ndege tayari ya kuwafikisha askari kadhaa Garissa kwa wakati uliohitajika. Hili halikuwa suala la umaskini pekee. Lilikuwa suala la uchaguzi: tulinunua nini, tuliweka wapi, na tulimfikiria nani tulipokuwa tukinunua.

Ndege hizo za kivita zina hadithi yake. Kenya ilianza kutumia F-5 za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo majirani zetu walikuwa wakijihami kwa silaha za Kisovieti na hofu ya vita ilikuwa kubwa. Kwa zama zile uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Lakini mwaka 2007 Serikali iliamua kununua F-5 nyingine zilizokwisha kutumiwa nchini Jordan, ndege kumi na tano kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban Sh1.5 bilioni. Kiwanda kilichoziunda kilikuwa kimeacha kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Haikupita miaka mingi kabla ya maswali kuanza kuulizwa hadharani: je, ndege hizo zinaruka? Vipuri vitatoka wapi? Wakuu wa ulinzi walijibu kwamba ndege ni nzima na kwamba zinaunganishwa kwa utaratibu uliopangwa.

Inafaa tuwe waadilifu. Baada ya majeshi yetu kuingia Somalia mwezi Oktoba 2011, F-5 zilifanya kazi huko. Kwa hiyo haifai kusema kwamba fedha zote zilitupwa baharini. Hata hivyo, msingi wa lalamiko haukuwa kwamba ndege hizo hazifai kitu. Msingi ulikuwa kwamba adui aliyekuwa akitukabili hakuwa na jeshi la anga. Alikuwa mtu wa miguu, mwenye bunduki na bomu la kutegwa barabarani, anayejificha vichakani kati ya Ijara na Boni, au kwenye mapito ya ngamia karibu na El Wak. Adui wa namna hiyo hahitaji kufukuzwa na ndege iendayo kasi kuliko sauti. Anahitaji ndege inayoweza kukaa angani kwa saa nyingi ikitazama, kutua kwenye kiwanja cha changarawe, na kumbeba majeruhi kabla damu haijamwishia.

Mwaka 2017 tulishuhudia kisa kingine. Mwezi Januari, Serikali ya Marekani iliidhinisha kuuziwa kwa Kenya hadi ndege 12 za aina ya AT-802L pamoja na 2 za mafunzo, kwa gharama isiyozidi dola milioni 418, yaani zaidi ya Sh43 bilioni kwa thamani ya wakati huo. Asili ya ndege hiyo ni ndege ya kunyunyizia mashamba dawa, iliyoongezewa silaha na vyombo vya kutazamia. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hapa: gawanya dola milioni 418 kwa ndege 14, utapata karibu dola milioni 30 kwa kila moja. Bila shaka hesabu hiyo ilijumuisha silaha, vipuri na mafunzo, na kilikuwa kiwango cha juu kabisa, si bei iliyolipwa. Hata hivyo wananchi walishtuka.

La kustaajabisha ni kwamba kelele za kwanza hazikutoka katika Bunge letu. Zilitoka Marekani, kwa Ted Budd, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa North Carolina. Yeye alitaka mpango huo uchunguzwe, akidai kwamba kampuni ya jimbo lake iliyounda ndege ya kufanana na hiyo haikupewa nafasi ya kushindana. Alikuwa akitetea wapiga kura wake, na hilo si kosa. Lakini sisi tulipaswa kujiuliza: wapiga kura wa Wajir na Garissa walitetewa na nani katika jambo hilo? Mbunge wa ng'ambo aliuliza kuhusu ajira za watu wake. Ni nani aliyeuliza, kwa sauti iyo hiyo, kama ndege hizo zingemfaa mwalimu wa Mandera?

Mwishowe ndege hizo hazikununuliwa. Badala yake Kenya ilichukua helikopta ndogo za MD 530F, na sita za kwanza zikapokewa Januari 2020. Yawezekana huo ulikuwa uamuzi bora. Yawezekana haukuwa. Mwananchi hawezi kupima, kwa sababu sababu za kuacha hiki na kuchukua kile hazikuelezwa kwake kwa ukamilifu.

Tuteremke sasa kutoka angani hadi barabarani, maana ndiko watu wengi zaidi wanakofia. Kwa miaka mingi askari polisi wa Kaskazini Mashariki wamepiga doria kwa magari ya kawaida, yale ya Land Cruiser yenye viti vya mbao au vyuma nyuma na turubai juu. Ni magari hodari mchangani. Lakini bomu la kutegwa ardhini halijali uhodari wa injini. Mlipuko hupanda juu, na ukikutana na sakafu bapa ya gari, nguvu yake yote humezwa na sakafu hiyo pamoja na miguu na migongo ya waliomo. Ndiyo maana magari yaliyobuniwa kwa vita vya mabomu huwa na tumbo lenye umbo la herufi V, ili mlipuko ugawanyike kandokando. Ujuzi huu si siri wala si mpya. Waafrika Kusini waliutumia tangu miaka ya 1970.

Mwezi Oktoba 2019, askari polisi zaidi ya kumi waliuawa katika Kaunti ya Garissa, upande wa Liboi, gari lao lilipokanyaga bomu. Miezi michache kabla ya hapo, wenzao walikuwa wameuawa kwa njia iyo hiyo huko Wajir. Juni 2023, wanane wengine waliuawa tena Garissa. Kati ya tarehe hizo kulikuwa na mashambulizi mengine mengi ambayo hayakupewa hata nusu ya ukurasa. Ni kweli kwamba Serikali haikukaa bure. Mwaka 2016 polisi walipewa magari ya deraya ya VN-4 yaliyoundwa China, na sherehe ikafanywa. Lakini swali la mwanafunzi mwerevu si kama magari yalinunuliwa. Ni kama yalinunuliwa kwa kuzingatia aina ya bomu linalotegwa, idadi ya kambi zinazohitaji kulindwa, na umbali wa karakana itakayoyatengeneza yakiharibika. Gari la deraya lililokosa kipuri kimoja halina tofauti na kibanda cha chuma, na askari wake hurudi kupanda lile la turubai.

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya polisi na wanajeshi, yanamhusu nini mwalimu? Yanamhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Tarehe 22 Novemba, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera lilitekwa na abiria 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo. Februari 2018, walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa katika shule ya msingi ya Qarsa, Wajir. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapo Garissa. Kila mara matokeo yalikuwa yale yale: walimu wasio wenyeji waliomba uhamisho, Tume ya Huduma kwa Walimu ikawaondoa kwa mamia, na watoto wakabaki na madarasa yasiyo na mtu wa kufundisha Hisabati wala Kemia. Kwa hiyo ukosefu wa gari linalofaa katika kituo cha polisi hauishii kituoni. Huingia darasani, ukaonekana katika matokeo ya mtihani wa kitaifa, kisha tukaanza kuwalaumu watoto kwamba hawasomi.

Ulinzi pekee uliofika kwa wakati, mara nyingine, ulikuwa wa raia mwenyewe. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo ili wenzao wasiuawe. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Salah Farah. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Taifa lilimpa nishani. Lilipaswa pia kumpa gari la ulinzi mbele ya basi alilopanda.

Kwa nini basi maamuzi haya huwa hivi? Jibu moja ni usiri. Wanaonunua husema kwamba mambo ya ulinzi hayatangazwi, na kwa kiasi fulani wana haki. Hakuna anayetaka adui ajue unene wa chuma cha gari au masafa ya redio. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba pazia la usiri limefunika mambo mengine kabisa. Kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, ilihusu kandarasi 18 za vifaa vya usalama zenye thamani ya takriban Sh56 bilioni. John Githongo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa maadili na utawala bora, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London. Miaka kumi baada ya kashfa kufichuka, mwaka 2014, walipa ushuru walilazimika kulipa Sh1.4 bilioni zaidi kwa sababu ya hukumu za mahakama za ng'ambo.

Iko pia meli ya KNS Jasiri. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Hii iliundwa Hispania kwa kandarasi ya mwaka 2003 ya Sh4.1 bilioni, ikaelea huko huko kwa miaka mingi huku ubishi wa malipo ukiendelea, na haikufika Mombasa hadi Agosti 2012. Kisha kuna meli ya MV Faina iliyotekwa na maharamia Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya T-72. Serikali ilishikilia kwamba vifaru hivyo ni vya Kenya. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja mwaka 2010 zilieleza kwamba vilikuwa vikielekea Sudan Kusini. Mwananchi aliyeambiwa mambo ya namna hiyo ataaminije akiambiwa kwamba usiri ni kwa manufaa yake? Mficha uchi hazai.

Sheria si kikwazo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 227, inadai ununuzi wa umma uwe wa haki, wa uwazi, wa ushindani na usio wa gharama ya kupita kiasi. Kifungu cha 238 kinasema kwamba usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na ya Bunge. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inaruhusu kuwepo kwa orodha mbili, moja ya wazi na nyingine ya siri. Kwa hivyo kinachotakiwa si kubomoa ukuta wote. Kinachotakiwa ni kwamba orodha ya siri isiwe ghala la kila kitu, kuanzia roketi hadi magurudumu.

Jibu la pili ni zawadi. Rahisi yavunja upishi. Marekani imetusaidia kwa helikopta za Huey, ambazo umbo lake la awali ni la miaka ya vita vya Vietnam ingawa zimefanyiwa ukarabati. Mei 2024 ilitangaza kwamba Kenya itapata helikopta nyingine 16 na magari ya deraya 150 ya aina ya M1117. Tunashukuru. Lakini kitu cha bure huja na gharama ya mafuta, vipuri, marubani na makanika, nayo si ya bure. Zaidi ya hayo, mwenye kupewa huchukua alichonacho mtoaji, si kile alichokihitaji yeye. Tarehe 18 Aprili, 2024, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki pamoja na wenzake tisa helikopta ya Huey ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Alikuwa ametoka kukagua shule zilizofungwa kwa sababu ya ujambazi, ili zifunguliwe. Sitaki kuhukumu chanzo cha ajali ile. Nataka tu msomaji aone kwamba hata mkuu wa wote hupanda kile ambacho nchi imemnunulia au imepewa.

Jibu la tatu ni zito zaidi, na wenyeji wa Kaskazini Mashariki hulijua bila kufunzwa. Kwa muda mrefu magari ya kijeshi hayakuletwa huko kuwalinda. Sheria za hali ya hatari zilianza mwishoni mwa 1963 na kudumu hadi 1991. Februari 1984, wanaume wa Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilieleza kwamba huenda walikaribia elfu moja. Uwanja uliojengwa ili ndege zitue uligeuzwa zizi la mauti. Mzee aliyenusurika siku ile hawezi kufurahia gari la deraya kwa sababu tu ni jipya. Atauliza mtutu wake umeelekezwa wapi. Nasi tunajua kwamba habari za mabomu hutoka kwa wachungaji na wenye maduka. Mwananchi asiyeaminiwa hatasema kitu, na bila kauli yake hata gari bora litapita juu ya bomu lililoonekana jana na watu kumi.

Basi tufanyeje? Mosi, kabla ya kununuliwa gari au ndege ya kazi ya Kaskazini Mashariki, wasikilizwe wanaoitumia: koplo wa Liboi, rubani anayetua Mandera, mganga anayepokea majeruhi Garissa. Pili, bei itangazwe ya maisha yote ya chombo, si ya siku ya kukinunua pekee. Shule inayonunua basi bila kufikiria dereva, mafuta na bima itaishia kuliegesha chini ya mwembe. Mwalimu mkuu yeyote analijua hilo, na nchi haipaswi kujua kidogo kuliko mwalimu mkuu. Tatu, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na kamati husika ya Bunge wapewe hesabu zote, hata kama ni nyuma ya milango iliyofungwa. Nne, na hili ndilo la haraka, ndege ya kubeba askari wa dharura na majeruhi iwekwe Garissa kwenyewe, na isitoke hapo kwa safari ya mtu yeyote mwenye cheo.

Wako watakaosema kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba askari hodari hupigana na alichonacho. Methali hiyo ni ya kumkemea mvivu. Haikutungwa ili mwenye shamba ampe mkulima jembe lisilo na mpini, kisha amlaumu kwa mavuno. Askari wetu hawajachagua jembe. Wamepanda walichopewa, na wengi hawakurudi.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Vijana wanasoma humo, wengine wakisomea ualimu, na baadhi yao watatumwa kufundisha Wajir na Mandera. Wakati makadirio ya bajeti ya ulinzi yatakaposomwa tena Bungeni, wao na walimu wao wana haki ya kuwaandikia wabunge wao barua moja fupi yenye swali moja: alfajiri tukishambuliwa, kitakachokuja kitatoka wapi, na kitachukua saa ngapi kufika?